Mjadala: Je, kanuni za hisabati ziendelee kubeba majina ya watu?

Mwanzilishi, mwalimu wa hisabati, Chumbageni: Ndugu zangu wa Tanga, naleta hoja kwamba vitabu vyetu viache kuziita kanuni kwa majina ya watu, viziite kwa kazi zinazofanya. Kwanza ni suala la haki. Kibao cha udongo cha Babeli kiitwacho Plimpton 322, chenye umri wa miaka ipatayo 3,800, kina namba za pembetatu mraba zilizoandikwa zaidi ya miaka 1,000 kabla hajazaliwa Pythagoras, yule Mgiriki ambaye kanuni ya pande za pembetatu hizo inabeba jina lake. Na ile pembetatu ya namba, ambayo kila namba ndani yake ni jumla ya mbili zilizo juu yake, tunayoiita ya Pascal, Wairani huiita ya Khayyam, Wachina ya Yang Hui na Waitalia ya Tartaglia, na wote watatu walimtangulia. Pili, mwanafunzi akiambiwa "ya Euler" hajui ni ipi, maana Mswisi huyo aliyeishi kuanzia 1707 hadi 1783 ana namba yake, mstari wake wa pembetatu na kanuni yake ya maumbo. Barabara za Ngamiani huitwa kwa namba, na mgeni anayetafuta ya 12 akifika ya 10 anajua amekaribia.

Fundi mwashi, Ngamiani: Mwalimu, shikamoo. Tunapopima msingi tunavuta kamba futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, na ncha kwa ncha isipotimia futi 5 tunajua nyumba itakwenda upogo. Sisi huiita tatu-nne-tano, bila kumtaja Mgiriki yeyote. Hata hivyo, jina hilo la kazi halinisaidii ninapokata kenchi ya paa lenye vipimo vingine, na hapo ndipo kijana aliyesoma kanuni nzima hunipita.

Mama mmoja, mwalimu wa sekondari, Pongwe: Mwanangu mwalimu, umesahau jambo moja. Watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakiingia kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza, pembetatu, mraba na mlinganyo. Kinachobaki vilevile ni Pythagoras, na nimewaona wakilishikilia jina hilo ili wapate pa kuanzia. Ukiliondoa, umewanyang'anya hata hilo. Kuhusu haki, mstari mmoja kitabuni unatosha: kanuni ya L'Hôpital, ya kutafuta kikomo cha sehemu kama sifuri juu ya sifuri, iliyochapwa katika kitabu chake cha 1696, ilivumbuliwa na Johann Bernoulli, aliyekuwa akilipwa na L'Hôpital huyo huyo. Kwa Euler nakuunga mkono nusu: tuseme "kanuni ya Euler ya vipeo, kingo na nyuso", na mtoto ashike mchemraba ahesabu mwenyewe, 8 kutoa 12 kujumlisha 6, apate 2.

Mwanzilishi: Mama, hoja yako naipokea kwa Pythagoras na kwa Euler. Kwa Pascal sikubali. Khayyam alifariki mwaka 1131 na Pascal akazaliwa 1623, na sijaona sababu ya mtoto wa Tanga kumjua wa pili peke yake.