Kikundi: Baraza la Babu

IJUMAA

18:02 Shangazi: Habari za jioni wote. Nimetoka kwa Baba sasa hivi. Pembe ya baraza lake la mbao, upande wa bomba, imeoza. Nimeichokoa kwa bisibisi ikazama mpaka mpini, na wala sikusukuma. Msome, msipite tu.

18:03 Shangazi: (picha)

18:03 Shangazi: (picha)

18:03 Shangazi: Hiyo ya pili ni chini ya chungu cha maua. Tazameni lile duara jeusi. Nimelikwangua kwa ukucha, mbao ikatoka kama karatasi iliyolowa.

18:31 Shangazi: Watu kumi na mmoja wamesoma. Hamna vidole?

18:33 Binamu: Mama vidole tunavyo, tumeviuma kwa mshangao 😅

18:35 Shangazi: Acha mzaha mwanangu. Waranti ya hizi mbao ni miaka 15, huu ni wa 6. Leo nimevaa miwani nikaisoma yote, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Wanalipa mbao ikioza au ikiliwa na mchwa. Ikipasuka, ikipinda au ikipauka hawalipi. Na hata ikioza wanataka kuona ilitunzwaje.

18:41 Dada: Shangazi, si zilitiwa dawa kiwandani? Mimi nilijua zikishatiwa dawa basi.

18:47 Shangazi: Wengi tulijua hivyo. Dawa inawazuia kuvu wasiile mbao, haiyazuii maji yasiingie. Mbao ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa, ndipo zinapatikana zile nyufa. Mvua inayofuata inapitia humo humo hadi kwenye kiini, ambako dawa haikufika. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu haiozi. Sasa kwa mvua hizi za mfululizo, na majani yamejaa kwenye nafasi za katikati ya mbao, itakauka saa ngapi?

18:49 Binamu: Kumbe baraza nalo linataka kupigwa deki kila siku kama jikoni kwa Mama 😂

18:50 Mama Mdogo: 😂😂 huyu mtoto

18:50 Dada: Umekumbuka ile siku alivyoteleza na ndoo?

18:51 Binamu: Tusifike huko 🙏

18:58 Shangazi: Naendelea. Karatasi inataka hivi: majani yatolewe kwenye zile nafasi, ule utando wa kijani usuguliwe kwa burashi na sabuni, na mafuta ya kuzuia maji yarudiwe kila yanapoisha nguvu. Ukitaka kujua, mwagia maji kidogo. Yakisimama kama shanga, bado yapo. Yakinywewa papo hapo, yamekwisha. Leo nimemwaga kikombe kimoja. Yamenywewa kabla sijainuka.

19:04 Shangazi: Na kuna hili, nitalisema ingawa wengine hawatapenda. Mbao ikikatwa, ile ncha mpya lazima ipakwe dawa, kwa sababu msumeno umefungua sehemu ambayo haina dawa. Pale kwenye bomba ilikatwa. Haikupakwa.

19:22 Baba Mdogo: Sema tu jina dada.

19:23 Shangazi: Sijasema jina la mtu.

19:25 Baba Mdogo: Bomba lilitakiwa siku ile ile, nyinyi nyote mmesimama mnanihimiza. Leo ndiyo ncha imeonekana. Kama yale ya tangi tu.

19:26 Shangazi: Ya tangi yana mahali pake mdogo wangu.

19:26 Baba Mdogo: Miaka yote hayajapata mahali.

19:40 Mama Mdogo: Wifi, naomba tuongee ya mbao. Jumamosi tuje tung'oe zilizooza tuweke mpya, yaishe.

19:42 Shangazi: HAPANA. Asiguse mtu. Ukishaing'oa wataona nini? Kwanza picha, kwanza waje wakague. Na wakikubali wanatoa mbao tu, fundi ni juu yetu. Hilo nalo limeandikwa.

20:15 Dada: Ushahidi wa kutunza tutautoa wapi? Hakuna aliyekuwa anapiga picha.

20:17 Binamu: Tunaandika orodha ya tarehe leo usiku, burashi kila baada ya miezi sita, mafuta kila mwaka. Nani atajua

20:18 Baba Mdogo: Kwa hilo namuunga mkono

20:52 Babu: NIMESOMA YOTE. RISITI NA DAFTARI VIMO KWENYE DROO YA MAMA YENU. KILA NILIPOSUGUA NILIANDIKA TAREHE. MIAKA MINNE.

20:55 Babu: MIAKA HII MIWILI MAGOTI YAMEKATAA. SIKUSEMA. NILIJUA MNAPOKUJA KUKAA HAPO JIONI MNAONA.

20:56 Babu: DAFTARI LANGU HALITIWI TAREHE YA UONGO.

21:48 Shangazi: Tumesikia Baba. Tusamehe.

21:50 Mama Mdogo: Tusamehe Baba 🙏

22:03 Binamu: Shikamoo Babu. Nimefuta ule ujumbe.

JUMAMOSI

06:40 Shangazi: Nimeamka na hili. Tunapeleka daftari kama lilivyo, na miaka miwili tunaiacha wazi. Ile pembe ya bomba huenda wakaikataa kwa sababu ya ncha. Ya chungu tutajaribu. Vyungu vyote naviweka juu ya vigingi leo ili hewa ipite chini. Na lile zulia la mpira linatoka, chini yake hapakauki kabisa. Kusugua nataka watu wanne.

07:15 Dada: Mimi nipo. Mafuta je?

07:17 Shangazi: Mafuta bado. Mbao mbichi haipakwi, unafungia maji ndani. Tungoje ikauke siku kadhaa mfululizo.

07:18 Binamu: Kwa mvua hii? Nipo lakini.

11:32 Baba Mkubwa: Samahani nilikuwa safarini. Nije na ile mashine ya maji ya presha? Mwaka juzi ilisafisha vizuri sana.

11:33 Shangazi: Kaka, ni wewe?? Ndiyo maana mbao za mbele zina manyoya manyoya! Presha inachana nyuzi za mbao, kisha inanywa maji zaidi. Imekatazwa kwenye waranti. Burashi na sabuni tu.

11:50 Baba Mkubwa: Sikujua. Mngeniambia.

12:06 Baba Mdogo: Nitakuja. Ile ncha nitaipaka mimi mwenyewe wakishamaliza kukagua. Ya tangi yasitajwe mbele ya Baba.

12:07 Shangazi: Sawa. Rudi na bisibisi yangu ndefu pia, uliyoichukua siku ile.

12:09 Baba Mdogo: Siku ya tangi?

12:30 Mama Mdogo: Jamani kusugua ni leo jioni au Jumamosi ijayo?

16:44 Baba Mkubwa: Nami nauliza hilo hilo.