Ushauri: Ni nondo gani huyu anayechimba majani ya mtufaha?

Msafiri_Kent: Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Kent, Uingereza, na nyuma ya nyumba ninayopanga kuna mtufaha ambao tangu Julai majani yake yana alama nyeupe. Nimeambiwa ni kazi ya nondo mdogo. Naomba mnisaidie kumtambua, maana nahofia mti utakufa.

ShambaLushoto: Pole sana, ndugu. Mimi kantangaze aliniingilia kwenye nyanya, akamaliza majani kisha akahamia kwenye matunda, nikabaki naokota zilizooza. Usichelewe, piga dawa leo.

Bi_Mimea: Kantangaze ni wa nyanya, mtufaha si chakula chake. Ndugu Msafiri, alama hizo ni mfuko ulio chini ya jani, duara lenye pete nyeusi, au njia nyembamba inayopindapinda? Na je, umeshapiga dawa?

Msafiri_Kent: Ni njia. Dawa nimepiga mara mbili, na ya mara ya tatu nimeshainunua. Mti ni wa mwenye nyumba, nisingeweza kuuangalia tu ukiharibika.

Mdadisi: Mwanzo alama, sasa njia, picha hakuna, lakini dawa ipo. Nashuku mti huu haupo, na kesho utatutajia dawa unayouza.

Msafiri_Kent: Siuzi kitu, ndugu yangu. Nimeliinua jani juani sasa hivi: njia inaanza nyembamba kama uzi, inaukata mshipa wa kati, inazidi kupanuka, na katikati yake umepita mstari mweusi wa kinyesi. Kiwavi hayumo. Kwenye jani la pili kuna kitanda cha nyuzi nyeupe kilichoning'inizwa kama machela.

Bi_Mimea: Mdadisi, machela hiyo haisemwi na mtu asiyeiona. Huyo ni *Lyonetia clerkella*, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, na mabawa yake yakitandazwa hayafiki sentimita moja. Kiwavi hutoka ndani ya jani akasuka machela nje, kwa hiyo dawa umeipiga juu ya njia tupu. Mtufaha wenye afya humstahimili.

Msafiri_Kent: Basi hiyo ya tatu naiacha. Ila majani yakianguka nitayachoma, hilo nimeshaamua.

Bi_Mimea: Kuchoma kungekufaa kwa yule wa mfuko, *Phyllonorycter blancardella*, ambaye hupitisha baridi ndani ya jani lililoanguka. Huyu wako wakati huo huwa nondo kamili, amejificha kwingine.

Msafiri_Kent: Nimeelewa. Jani lenye machela nimelitia kwenye chupa ya kioo, nikaifunika kwa kitambaa chepesi. Akitoka nitaleta picha.