Kadi inasema Bibi hajazeeka

*Kikundi: NYUMBA YA BIBI, ARUA*
*Jumanne*

[06:41] Letaru: Wakubwa, mmeamkaje? Jana nilimpeleka Bibi kule wazee walikoitwa. Wamemrudisha.

[06:43] Shangazi Ayikoru: Wamemrudisha kwa nini? Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, si alisema jina lipo?

[06:45] Letaru: Jina lipo, Shangazi. Mwaka ndio umekataa. Kadi ya taifa inasema alizaliwa 1952, na pesa ya wazee ya serikali inaanza miaka 80. Kijana aliyekaa pale akapiga hesabu kwenye simu, akasema, "Mama, rudi 2032."

[06:45] Drici Kampala: 😂😂😂

[06:46] Shangazi Ayikoru: Drici.

[06:46] Drici Kampala: Samahani Shangazi. Simcheki Bibi, nacheka hiyo 2032.

[06:52] Baba Mkubwa: Ngojeni kwanza. Mimi nimezaliwa Machi 1961. Ina maana Mama alinizaa ana miaka tisa?

[06:53] Letaru: Kwa kadi, ndiyo Baba Mkubwa.

[06:56] Baba Mkubwa: Uhuru wa 1962 alikwenda mjini kutazama bendera, mimi niko mgongoni. Nani kati yenu hajasimuliwa? Na kabla yangu kulikuwa na mwingine, Mungu alimchukua mapema. Hiyo 1952 waliitoa wapi?

[07:01] Letaru: Nimemuuliza. Anasema 2014 walipokuwa wakiandikisha, foleni ilikuwa mpaka chini ya ule mwembe mkubwa. Kijana akamuuliza mwaka, akajibu, "Mwaka siujui, nijualo ni nilivyoolewa." Kijana akamtazama usoni, akaandika.

[07:02] Drici Kampala: Kosa ni la uso wake. Hauna hata mkunjo.

[07:04] Shangazi Ayikoru: Na karatasi ya kuonyesha hatuna. Za nyumba nzima ziliungua 1980 tulipokimbilia Zaire. Tulitoka na sufuria moja, mkeka na kuku wawili. Kuku mmoja alitaga njiani, Mama akagoma kumchinja. Nani angekumbuka kadi ya ubatizo?

[07:09] Baba Mkubwa: Yangu ipo. Nilivuka nayo hadi Aru, kule Zaire, ndani ya soksi. Imeandikwa mwaka, jina la baba na jina la mama.

[07:10] Drici Kampala: Basi kazi imekwisha! Mtoto wa 1961, mama wa 1952, hata jiwe litaona kuna kosa.

[07:11] Baba Mkubwa: Haijaisha. Watataka barua ya LC, na pengine niape. Alhamisi nitapanda boda nije nayo. Letaru, usimpe mtu kadi yenyewe, toa nakala.

[07:20] Anko Ezati: Wandugu, hiyo pesa si ni 25,000 kwa mwezi? Mkiweka boda za kwenda na kurudi, na siku nzima kwenye foleni, inabaki nini? Tuchange sisi.

[07:24] Shangazi Ayikoru: Ezati, mchango wa Februari ulituma?

[07:31] Shangazi Ayikoru: Umesoma na umenyamaza.

[07:33] Anko Ezati: Nitatuma leo, Dada.

[07:38] Shangazi Ayikoru: Mara nyingi inatoka ya miezi mitatu pamoja, 75,000. Hapo kuna sukari, sabuni, chumvi, na dawa za presha siku zikikosekana kituoni. Mama Mdogo aliyeolewa upande wa Nebbi alianza kupokea siku za majaribio, umri ulipokuwa 65 tu. Alinunua mbuzi. Sasa kila tukikutana kwenye msiba ananisimulia ukoo mzima wa yule mbuzi. Pesa yake mwenyewe haiombwi kwa mtoto, Ezati. Wewe hujaona Mama anavyokunjakunja shuka akitaka kukuomba sabuni.

[07:40] Drici Kampala: Mimi bado nasema aje Kampala. Chumba kipo.

[07:41] Letaru: Mara ya mwisho alikaa siku tisa 😅

[07:42] Drici Kampala: Aligombana na bomba.

[07:44] Letaru: Alisema maji yasiyo na watu wa kuzungumza nao hayana ladha. Hapa watoto wa Mama Munguci wanamletea jerikeni mbili kutoka kisimani kila asubuhi, naye anawalipa kwa maembe. Msimu wa maembe ukiisha wanaleta vilevile, anawalipa kwa hadithi.

[07:52] Mama Munguci (jirani): Habari zenu. Mimi kama VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, niseme neno. Jumamosi nilimpima presha, ilikuwa juu. Sababu naijua, aliacha vidonge siku tatu akisema vimebaki vichache, anavibania. Na goti bado limevimba tangu aanguke kwenye karanga. Asilime.

[07:53] Shangazi Ayikoru: Awadifo, asante, Mama Munguci. Kuanguka lini??? Letaru?

[07:55] Letaru: Alinikataza kusema, Shangazi. Ni wiki iliyopita. Nilimficha jembe.

[07:56] Anko Ezati: Wapi?

[07:56] Letaru: Sisemi humu. Anawaomba watoto wa jirani wamsomee kikundi.

[07:58] Baba Mkubwa: Umefanya vizuri. Karanga zipaliliwe na vijana, mimi nitawalipa. Ezati, dawa ni zako.

[07:59] Anko Ezati: Sawa Kaka.

[08:05] Letaru: Amechukua simu, anataka kusema. Naandika anavyosema:
"Nyote nimewasikia. Mwanangu mkubwa njoo Alhamisi, lakini usije mikono mitupu, leta samaki wa kukausha, enyasa, ugali wetu, iko. Ya serikali ikija itakuja, isipokuja nilishaishi bila hiyo. Ezati, usimsumbue dada yako, tuma. Letaru, nimetafuta chini ya kitanda, nimetafuta jikoni, nimetafuta nyuma ya choo. Bado ghala."

[08:06] Drici Kampala: Letaru kimbia 😂

[08:14] Anko Ezati: Nimetuma ya Februari na ya dawa. Dada, angalia simu.

[08:15] Shangazi Ayikoru: Imeingia.

[08:17] Letaru: Jembe limepatikana. Yuko kwenye karanga.