Tupeane uzoefu: boya lipi linamhimili karpi mkubwa wa ukingoni?

Ukingo Tulivu:
Wadau, nimeona picha ya boya la kuvulia karpi, yule samaki mzito wa mabwawani, likiwa limechomoka mguu, yaani kijiti chake cha chini, nayo imenikumbusha jambo tusilolizungumza vya kutosha. Tunachagua boya kwa uzito na rangi, kisha tunalitupa kwenye kina cha sentimita 40, hatua mbili kutoka tuliposimama, mahali ambapo karpi wa kilo 6 au 8 anageuka ghafla. Pale hakuna mshipi mrefu wa kupunguza mshtuko. Boya linapigwa kwenye matete, kwenye mawe, kwenye fremu ya wavu wa kuopolea, na ndoano ikichomoka linarudi kwa kasi na kugonga ufito wa kuvulia. Boya la samaki wadogo, lenye antena (ncha ya juu inayoonekana) ya milimita 0.8 na kipete cha kupitishia mshipi kilichoshikwa na tone moja la gundi, halikuundwa kwa kazi hiyo. Tupeane uzoefu: ni sehemu gani inayokufa kwanza, na ni nini kinachoizuia isife?

Fundi Msasa:
Kinachokufa kwanza ni kipete cha pembeni. Samaki akikimbia sambamba na ukingo, mshipi unakivuta kipete upande na kulibinua boya kuanzia begani. Mti wa balsa wa tumbo la boya ni laini, kwa hiyo tundu linapanuka kidogo kidogo, rangi inapasuka, maji yanaingia, na baada ya hapo gundi haina cha kushika. Mara nyingi mtu analaumu mshipi kumbe tatizo lilianzia kwenye ufa mwembamba wa vanishi.

Cha pili ni maungio ya antena na tumbo. Hapa ndipo ninapomsihi kila mnunuzi aangalie vizuri: je, antena na mguu ni kijiti kimoja kilichopita katikati ya tumbo, au ni vipande viwili vilivyochomekwa kila kimoja upande wake? Chenye kijiti kimoja cha faibaglasi hakina mahali pa kuachana. Shika antena kwa vidole vya mkono mmoja na mguu kwa mkono mwingine, kisha nyonga taratibu kwa kupishana. Ukisikia kimoja kinacheza peke yake, rudisha.

Cha tatu ni mguu wenyewe. Waya unasimamisha boya haraka, lakini ukipinda hauwi tena mnyoofu. Kaboni ni nyepesi na ngumu, ila ikipigwa kwenye jiwe inachanika nyuzinyuzi, na nyuzi hizo zinasugua mshipi. Faibaglasi ya milimita 1 au zaidi kidogo inapinda na kurudi. Kwa ukingoni mimi nipo na faibaglasi.

Tete Kavu:
Naunga mkono. Kijiti kimoja kwanza, mengine baadaye.

Mwiba Mrefu:
Wakuu mnasahau mwiba wa nungunungu. Ganda lake ni gumu, ndani umejaa kitu kama povu chenye hewa, hauhitaji tumbo la kubandika wala kipete. Chagua ulionyooka, sentimita 12 hadi 18, unene wa milimita 4 hadi 6. Uoshe kwa sabuni uondoe mafuta, upitishe msasa laini ili rangi ishike, kisha ziba upande wa shina kwa gundi ya epoksi, kwa sababu huko ndiko laini na ndiko maji yanakopenyea. Usiukate. Ukiukata umefungua mlango wa maji. Ile ncha kali ichovye kwenye epoksi au ivalishe kimpira, isichome mkono.

Unaufunga kwa vimpira viwili vya silikoni, juu na chini, vinavyoingia kwa kuvutwa kidogo. Ukipigwa sana, unateleza kwenye mshipi badala ya kuvunjika, na unaurudisha kwa vidole.

Au ufunge chini peke yake, weka risasi moja ya kuzamisha mshipi sentimita 4 au 5 kutoka ndoano, ongeza kina kama sentimita 10 zaidi ya maji yalivyo, kisha kaza mshipi mpaka mwiba usimame. Samaki akiokota chambo anainua na risasi, mwiba unapanda juu na kulala. Hapo mvute.

Sindano Namba Nane:
Mwiba ni mzuri kwa fimbo yenye rili. Kwa ufito mrefu usio na rili, boya la kupitisha mshipi katikati ya tumbo halina mpinzani. Mshipi unaingia juu na kutoka chini, nguvu yote inapita kwenye mhimili, hakuna cha kubinuliwa. Kipete hakipo, basi hakiwezi kung'oka.

Fundi Msasa:
Mkuu, nakubali kwa nguvu, sikubali kwa "halina mpinzani". Tundu lisilowekwa mrija laini wa ndani linakula mshipi. Mchanga kidogo tu ukiingia mle, kila unapobadilisha kina unaupitisha mshipi kwenye msasa. Na boya likiharibika unalazimika kukata na kufunga upya kila kitu, wakati samaki wako pale pale wanakula.

Sindano Namba Nane:
Lenye mrija ndilo ninalolisema, ndugu yangu. Jaribio lake ni rahisi: pitisha kipande cha mshipi wa milimita 0.16, kivute mbele na nyuma mara kumi, kisha kipitishe kati ya kucha mbili. Ukikuta ukwaruzo, hilo boya halifai. Na kabla ya kulisogeza, lowesha mshipi. Kuvuta pakavu kunapasha joto, na joto linadhoofisha nailoni.

Tete Kavu:
Mshipi uloweshwe daima. Hilo halina ubishi.

Mlinzi wa Mayungiyungi:
Mnabishana juu ya kuvunjika. Ngojeni niwaeleze boya lisilovunjika linavyoweza kuua samaki, kwa sababu hili linaweza kutokea kwenye bwawa lolote lenye matete na watu wasilione.

Karpi wa ukingoni anakula kichwa chini, mkia nusu nje ya maji. Ndoano inapomgusa, hakimbilii katikati ya bwawa kama watu wanavyodhani. Mara nyingi anafuata ukingo, sambamba, anaingia kwenye matete aliyoyazoea. Ufito bado uko juu. Mshipi unalala kwenye mashina, boya linaburutwa nyuma ya samaki likiwa chini ya maji. Sasa kama boya lina tumbo la mviringo na mabega mapana, linafika kwenye panda ya mashina mawili na kukwama. Kuanzia hapo mpira wa ndani ya ufito, ule unaovutika kupunguza mshtuko, haufanyi kazi tena. Unavutika kati ya ufito na boya, lakini kati ya boya na samaki kuna nusu mita tu ya mshipi unaovutika kidogo sana. Samaki mzito anatikisa kichwa mara moja, mara mbili. Kitu kimoja lazima kiachie.

Kikiachia kipande cha ndoano, yaani ule mshipi mfupi mwembamba unaoshika ndoano, umempoteza samaki na amebaki na ndoano ndogo tu, ambayo ikiwa haina kikwapa (kijino cha kuizuia isichomoke) mara nyingi anaitoa mwenyewe. Lakini ukiwa umefunga mshipi mmoja unene ule ule kuanzia juu mpaka ndoano, unaweza kukatika juu ya boya. Mvuvi anaona ufito umepaa, anasikitika, anafunga mwingine. Kule ndani ya matete samaki amefungwa: boya limekwama, mshipi mzima, ndoano imeshika. Kila akivuta anajizungushia shina jingine. Hawezi kutoka.

Kwa hiyo boya la ukingoni liwe gumu, ndiyo, lakini liwe jembamba na lililochongoka pande zote mbili, lipite kwenye matete bila kushika. Mshipi mkuu milimita 0.20, kipande cha ndoano 0.17 au 0.18, urefu sentimita 10 hadi 15. Usifunge fundo la kuzuia juu ya boya. Mshipi ukikatika huko juu, boya liteleze litoke.

Chubwi:
Hii ya Mlinzi iwekwe juu kabisa. Swali: boya likishakwama na samaki bado yuko, mnafanyaje?

Mwiba Mrefu:
Shusha ncha ya ufito mpaka majini, vuta chini chini kuelekea alikoingilia. Kuvuta juu kunakaza panda.

Sindano Namba Nane:
Legeza mshipi kabisa, subiri. Samaki asipohisi mvuto hutulia, na mara nyingi hutoka kwa njia aliyoingilia.

Mlinzi wa Mayungiyungi:
Kulegeza kwa ndoano isiyo na kikwapa ni kumpa ndoano aiteme.

Sindano Namba Nane:
Akiitema ameokoka. Si ndilo tulilokuwa tunalitaka?

Ukingo Tulivu:
Wakuu, nawaomba turudi kwenye boya. Uzito je, yaani risasi ambazo boya linabeba?

Chubwi:
Gramu 0.1 inatosha. Kina ni sentimita 40, upepo haufiki, unahitaji uzito wa nini? Chambo kishuke taratibu.

Fundi Msasa:
Hapana. Karpi wanne wakipiga mikia pale, maji yanazunguka, na boya la gramu 0.1 linavutwa chini na mkondo wa mkia bila samaki kugusa chambo. Unavuta, ndoano inampata ubavuni, na wote wanakimbia. Gramu 0.3 hadi 0.5, risasi zote pamoja sentimita 12 juu ya ndoano, chambo kinatulia pale ulipokiweka. Tena boya la uzito huo lina nafasi ya kijiti kinene.

Chubwi:
Kwa maji yaliyotulia na samaki wachache nabaki na langu.

Bi Mshipi:
Naongeza la antena, maana limepitwa. Nene ya faibaglasi, milimita 1.5 hadi 2, haivunjiki kirahisi lakini haibebi sana. Ukiweka punje mbili za mahindi au mnyoo mzima, inazama. Mrija wa plastiki wenye hewa, milimita 2 hadi 2.5, unabeba chambo kizito na kuonekana vizuri, ila ukibanwa na fremu ya wavu unapasuka kwa urefu. Tafuta ule ambao kijiti cha katikati kimeingia ndani ya mrija angalau sentimita moja. Acha milimita 8 hadi 10 juu ya maji. Antena ikicheza tu, ni mwili wa samaki umegusa mshipi, muache. Ikizama na kubaki chini, hapo vuta.

Rangi: kivuli cha matete kinataka njano, maji yanayong'aa yanataka nyeusi. Paka nusu kwa nusu, beba kalamu ya wino usiofutika.

Na vimpira vya mguu viwe vitatu, cha chini kabisa kipite mwisho wa mguu kwa milimita 3, mshipi usijizungushe pale.

Tete Kavu:
Hicho cha chini ndicho watu wanachokikata kifupi.

Chubwi:
Tunajuaje boya jipya halinywi maji kabla ya kwenda nalo?

Fundi Msasa:
Lizamishe kwenye maji ya moto kiasi, yale ambayo kidole bado kinavumilia. Hewa ya ndani inapanuka. Vijipovu vikitoka mfululizo sehemu moja, pana ufa hapo. Likipita, lifunge risasi zake mpaka antena ibaki milimita 5, liache kwenye glasi usiku kucha. Asubuhi likiwa limeshuka, limekunywa. Likaushe siku kadhaa mahali pakavu, lisipate jua kali, ndipo uzibe ufa kwa vanishi mara mbili. Ukiziba likiwa na unyevu, umefungia maji ndani.

Kipete kilichong'oka kinatengenezeka pia. Chukua waya wa chuma kisichoshika kutu, milimita 0.3 au 0.4, uzungushe mara mbili kwenye sindano, acha miguu ya sentimita moja. Toboa kwa mshazari kuelekea chini, jaza epoksi, zungushia uzi mwembamba, paka vanishi, acha saa 24. Supa gluu usitumie hapo, inakauka ngumu na kupasuka ikipigwa.

Mwiba Mrefu:
Na mnapoyahifadhi maboya kwa kuzungushia mshipi kwenye kibao, mshipi usikazwe. Mguu ukikaa umepinda kwa muda mrefu, boya litasimama upande hata kama ni zima.