Mmeniharibia mkanda kwa skripti ya "otomatiki", halafu mnasingizia uzee wa filamu!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Nilipeleka kwa mafundi mkanda wa Super 8, ile filamu nyembamba ya zamani ya kurekodia nyumbani, ugeuzwe video. Mmoja tu, futi 50, fremu kama 3,600. Kwa mwendo wa fremu 18 kwa sekunde ni dakika 3 na sekunde 20. Nikasema wazi: nipeni ulivyo, rangi nitasahihisha mwenyewe. Nikarudishiwa faili "iliyoboreshwa". Kuuliza faili ya awali iko wapi, naambiwa tumeshaifuta, diski ilijaa. Wameifuta, jamani!

Sasa oneni huko kuboresha kwenyewe. Kuna mahali mama anaanika mashuka meupe, kavaa gauni jekundu. Akisogea karibu na kamera, mashuka yanaingia ukijani na mikono yake inakuwa ya kijivu kama ya maiti. Akipita, nyasi zikajaa kwenye picha, mashuka yaleyale yanageuka waridi. Yote hayo ndani ya sekunde 4. Shuka au kinyonga?

Aliyewahi kushika AviSynth, programu ya kuhariri video kwa skripti, ameshajua ugonjwa. Hiyo ni tabia ya autowhite (kusawazisha weupe kiotomatiki) ndani ya ColorYUV, kichujio chake cha rangi: inachukua wastani wa rangi wa fremu, inausukuma uangukie katikati, karibu na 128 kwa U (namba ya ubluu) na kwa V (namba ya wekundu), mahali pasipo na rangi. Yaani inaamini picha yoyote ukiikoroga pamoja lazima itoe kijivu. Gauni jekundu likijaa, V inapanda, skripti inaishusha, kila kitu kinaelekea kijani. Nyasi zikijaa, U na V zote zinashuka, inazipandisha, tunapata waridi. Na kila fremu inapigiwa hesabu yake, iliyotangulia haikumbukwi. Sisemi ni kifaa kibaya, hata mimi naitumia kwenye fremu moja mbili kupata namba za kuanzia. Ila kuifungulia mkanda mzima ukaenda kunywa chai?

Nikafungua histogramu, grafu ya pikseli ngapi ziko kila kiwango cha mwangaza, giza kushoto, weupe kulia. Upande wa kulia kuna mnara umegandamana na ukuta. Hayo ndiyo mashuka: mikunjo yote imeungua, imekuwa namba moja. Hilo wala si la skripti, ni kamera ya skana iliyoachwa ijiamulie mwangaza. Nyuma kuna miti myeusi, ikadhani ni giza, ikafungua. Katikati nako grafu ina mapengo kama chanuo lililong'oka meno. Ukiona hivyo ujue video ya biti 8, yenye viwango 256 tu, imevutwa kwa nguvu baada ya kurekodiwa. Angani mistari inaonekana kwa macho makavu.

Nimejaribu kuokoa. Nikakata kipande kidogo cha shuka, nikasoma wastani wake fremu kwa fremu kwa AverageChromaU na AverageChromaV, vipimo vya AviSynth vya wastani wa U na V, nikasukuma kinyume hadi ukatulia 128. Usiku mzima umeishia hapo. Ngozi ya mama imerudi kiasi, mashuka yameacha kubadilika. Mikunjo haikurudi. Pikseli zote zikishakuwa namba moja, skripti itatofautisha nini? Na hapo nilibahatika, shuka lilikuwepo. Kipande cha watoto kwenye nyasi hakina kitu cheupe hata kimoja cha kupimia, nimekiacha kilivyo.

Nimewaandikia mara tatu na picha za histogramu nimewawekea. Jibu: "Filamu yako ni ya zamani, rangi zimefifia." Zimefifia! Rangi za filamu zikififia zinachukua miaka, na mara nyingi picha nzima inaegemea upande mmoja, wekundu kwa mfano, kwa sababu tabaka moja limechoka kabla ya mengine. Hazifi gauni likiingia zikafufuka gauni likitoka.

Mkanda wenyewe ninao, nimeuangalia kwenye mwanga kwa lenzi ya kukuzia: mashuka ni meupe na mikunjo naiona. Kwa hiyo namtafuta mtu wa kuuskani upya. Mwangaza wa kamera ufungwe mahali pamoja, mizani ya weupe (white balance) ifungwe, biti 10 au zaidi, mashuka yasifike ukutani kwenye histogramu. Ikitoka imefifia na imepooza ndivyo ninavyoitaka. Mwenye skana ya hivyo anicheki PM, na asiniguse rangi.