Baba kaacha tranka mbili za vitabu vya kava gumu, tuuze au tubaki navyo? (Mwanza)

MtotoWaMwalimu

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Naomba mawazo yenu mana hapa nyumbani tumefika sehemu hatuelewani kabisa.

Mzee wangu alikua mwalimu wa sekondari miaka mingi, katutoka mwezi wa pili. Chumbani kwake hapa Mabatini kaacha tranka mbili za bati zimejaa vitabu na vingine viko kwenye shelfu la mbao. Karibu vyote ni kava gumu, vile vizito vya zamani. Riwaya zipo ila vingi ni siasa, dini na mambo ya jamii. Nimeanza kuorodhesha: Freedom and Unity na Freedom and Socialism za Mwalimu Nyerere, How Europe Underdeveloped Africa ya Rodney ile ya 1972, Iliffe historia ya Tanganyika ya 1979, Mbiti kuhusu dini za Kiafrika, Bara Bukoba ya Sundkler (kanisa na jamii kule Bukoba), Kurani mbili za Kiswahili za wafasiri tofauti (sisi ni wakatoliki ila mzee alikua anasoma kila kitu), Biblia ya Kisukuma, na riwaya za Kezilahabi na Kitereza.

Sasa wadogo zangu wanataka chumba kipangishwe na siwalaumu, mama anahitaji hela ya dawa kila mwezi. Kuna bwana kaja kaangalia dakika kumi akasema anabeba vyote kwa laki mbili, anataka jibu wiki hii. Halafu nyumba yetu iko ubavuni mwa mlima, ukuta wa nyuma umechimbiwa kwenye jiwe, masika ikianza ule ukuta unatoa jasho mpaka unachuruzika. Tranka ya chini nimeifungua harufu imenipiga usoni, vitabu vina madoa ya kijanikijani na kuna vidudu vidogo vya rangi ya fedha vinakimbia.

Na kuna kitu kimoja kimenikosesha usingizi. Kuna kitabu cha mtu anaitwa Maguire, Toward Uhuru in Tanzania, cha 1969, kinaongelea siasa za Usukumani kwetu huku, habari za Paul Bomani na vyama vya ushirika vya pamba, TANU ilivyopigwa marufuku huku 1954 mpaka 1958. Sasa kwenye kurasa za sakata la Geita 1958, watu walipokataa lile baraza la wakoloni la kuchanganya Waafrika, Waasia na Wazungu, mzee kaandika pembeni kwa penseli, mwandiko wake mdogo ule: "Nilikuwepo. Kaka aliniambia nisirudi nyumbani kwa barabara kubwa." Mzee hajawahi kutuambia hata siku moja. Nimeishi nae miaka arobaini na moja.

Kwahiyo naomba kujua, vinafaa kuuzwa vyote? Vipi vya kubaki navyo? Na hivi vyenye ukungu vinapona au ndo basi?

FundiJalada

Pole sana mkuu, Mungu ampumzishe mzee. Nimefanya kazi ya kushona na kujalidi vitabu miaka kumi na tisa, nianze na hivyo vyenye ukungu mana haviwezi kusubiri wiki.

Kwanza vitoe vyote kwenye hiyo tranka ya chini leo, usilale navyo. Vyenye madoa viweke chumba kingine mbali na vizima, ukungu unahama. Usivianike juani! Najua kila mtu anafanya hivyo, jua la Mwanza la saa saba linakunja kava kama chapati na gundi ya mgongoni inakauka inapasuka. Tafuta kivuli chenye upepo, kibarazani panatosha, kisimamishe kitabu wima ukifungue kidogo kama feni kurasa zipitishe hewa. Kikikauka kabisa, yani ukishika hausikii ubaridi, chukua brashi mpya laini ya kupakia rangi ufute ule unga kwa nje ya nyumba, ukielekeza mbali na wewe, na vaa barakoa, ukungu wa vitabu unaharibu kifua. Usipanguse kwa kitambaa chenye maji mana unausugua unaingia ndani ya karatasi. Doa litabaki, usihangaike nalo, ila ukungu wenyewe utakua umelala.

Hivyo vidudu vya fedha vinakula gundi na wanga wa kwenye kava, na vinapenda unyevu. Dawa yake ni baridi. Kitabu kikishakauka kifunge kwenye mifuko miwili ya nailoni, kamua hewa yote, kaza, weka kwenye friza ya kugandisha (sio friji ya kawaida) wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko siku hiyohiyo, kiache siku nzima kipate joto la chumba, vinginevyo jasho litaingia kwenye karatasi na umerudi palepale ulipoanza. Huku kwetu friza hazikosekani, wauza samaki wamejaa, ila funga vizuri sana harufu isipite.

Mambo mengine usifanye: selotepu hapana, ile gundi yake baada ya miaka inageuka kahawia na kula karatasi, nimeshapokea vitabu vya watu vimeuliwa na selotepu kuliko mchwa. Kukivuta kitabu kwenye shelfu kwa kushika juu ya mgongo hapana, sukuma vya pembeni ndani kidogo ukishike katikati. Tranka ziinue juu ya matofali na ziache na nafasi ya kiganja toka ukutani, hasa huo ukuta wenu.

Halafu angalia kila kitabu kwa juu, pale karatasi zinapokutana na mgongo. Ukiona karatasi zimekunjwa mafungumafungu na uzi unapita katikati ya kila fungu, hicho kimeshonwa, hata kava likivunjika kinashonwa upya na kuvalishwa kava jipya, kitakaa miaka hamsini mingine. Ukiona karatasi zimekatwa sawa zimepigwa gundi tu, hicho ni cha kuchunga, kila ukikifungua kwa nguvu kinamwaga kurasa, hata kama kava lake ni gumu. Watu wengi wanadhani kava gumu ndo uimara, uimara uko kwenye uzi.

Vile vilivyogeuka rangi ya chai mpaka pembeni zinavunjika, hiyo ni asidi ya karatasi yenyewe, hakuna wa kuirudisha nyuma. Hivyo visome taratibu usikunje pembe.

Omukerewe_Nansio

Kaka pole kwa msiba. Nimeona Kitereza kwenye orodha yako nikakaa chini. Tafadhali kaangalie ukurasa wa mbele, kama ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Tanzania Publishing House ya 1980, hiyo usimpe mtu kwenye furushi la laki mbili.

Sisi watu wa Ukerewe hicho kitabu ni kama mtu wa nyumbani. Yule mzee Aniceti Kitereza alikiandika kwa Kikerewe, alimaliza 1945, akakosa wa kumchapishia mana lugha yenyewe wasomaji wachache, akakaa nacho miaka zaidi ya thelathini. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili uzeeni, kikatoka 1980, na 1981 akafariki. Mtu anaandika jinsi watu walivyokua wanaposa, wanavyolima, wanavyovua, wanavyotibu, mpaka pombe ya ndizi inavyotengenezwa, kwa uvumilivu ule, akijua vinapotea! Baadae Gabriel Ruhumbika, nae wa kisiwani kwetu, akakifasiri kwa Kiingereza moja kwa moja toka Kikerewe, 2002. Bibi yangu alikua anasomewa hiki cha Kiswahili jioni na akisikia kosa kwenye jina la mti anasimamisha, anasema hapana huo mti hauitwi hivyo upande wa Ilangala.

Kezilahabi nae ni wetu. Rosa Mistika ya 1971 ilizuiwa mashuleni kwa muda, kwahiyo kama baba yako mwalimu alikua nayo toleo la mwanzo ujue aliitunza kwa makusudi.

Ushauri wangu hivi vya ziwani vyote (Maguire, Bara Bukoba, Kitereza, Kezilahabi) baki navyo. Vya Nyerere na Iliffe watu wengine wanavyo, hivi vyetu ukimpa mfanyabiashara vinapanda basi kwenda Dar au vinapanda ndege, na mtoto wa kisiwani Ukara akitaka kujua habari za kwao inabidi aombe visa.

Kijana_wa_Igoma

Mimi ntatofautiana kidogo na dada hapo juu kwa heshima zote. Mkuu una mama anaumwa. Vitabu ni vizuri lakini dawa ya mwezi huu ni ya mwezi huu. Uza, ila usiuze kwa furushi. Huyo bwana kaangalia dakika kumi tu akataja bei ya vyote, mana yake kaona vitatu vinne anavyovitaka na vingine vyote atavimwaga. Hizo karatasi zilizobaki unazijua zinaishia wapi, kwenye karanga na maandazi. Mwambie ataje bei ya kimoja kimoja. Na kabla ya kuuza chochote piga picha kava, ukurasa wa mbele wenye mwaka na mchapishaji, na kama lile karatasi la kuvalishia juu ya kava bado lipo usilitupe hata kama limechanika, wanunuzi wa vitabu vya zamani wanalihesabia sana. Rodney ya 1972 ilitolewa London na Dar kwa pamoja, angalia yako ni ya wapi.

Ila chochote chenye mwandiko wa mzee usiuze. Hapo nakubaliana.

AbuSalma_Kirumba

Assalaam aleikum na poleni sana ndugu zetu.

Mimi nimevutiwa na hizo Kurani mbili. Angalia kama moja ni Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya 1969, na nyingine kama ni ile ya Waahmadiyya (jumuiya yenye mafundisho tofauti na Waislamu wengi) iliyotoka 1953. Kama ndo hizo, zimekaa pamoja kwa sababu. Tafsiri ya kwanza kabisa kamili kwa Kiswahili ilifanywa 1923 na Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana Zanzibar, wakaja Waahmadiyya, ndipo Sheikh Farsy akatoa ya kwake, na ndani yake ukisoma maelezo utaona anawajibu wale waliotangulia, na wala hafichi. Ni mjadala wa karibu miaka hamsini kwa Kiswahili chetu, na mzee wako mkatoliki aliutaka wote. Huyo alikua msomaji kweli. Ukizitenganisha, nusu ya mjadala inapotea.

Ombi langu moja, zisiwekwe chini sakafuni wakati wa kuanika, na zikichakaa mpaka hazifai usizitupe jalalani, nipe mimi au peleka msikiti wowote watajua la kufanya.

Mama_Nyegezi

Mwanangu watu watakwambia toa msaada shule au taasisi. Sikukatazi, ila sikiliza yaliyonipata. Mume wangu alipofariki nilipeleka maboksi sita kwenye shule moja, sitaitaja, wakanipokea na wanafunzi wakaimba. Baada ya mwaka na nusu nimeenda kwa shughuli nyingine nikaomba niyaone. Nikaonyeshwa stoo, maboksi yaleyale, kamba yangu ileile niliyofunga mimi, mchwa wamepanda toka chini. Nilivuta kitabu kimoja kikabaki kava mbili mkononi, ndani udongo mtupu. Nililia pale stoo kama mtoto.

Kwahiyo ukitoa, nenda na orodha, waandikiane na wewe kwa barua kwamba vitaingizwa kwenye rejista na kukaa shelfuni, wakikataa rudi navyo. Jaribu kuulizia maktaba ya mkoa, chuo cha Mtakatifu Augustino hapa Malimbe, na kwa hivyo vya Usukuma ongea na makumbusho ya Bujora pale Kisesa. Uliza kwanza kama wanavyo tayari. Na usitoe vyote mara moja, toa vitano, rudi baada ya miezi mitatu uangalie viko wapi.

MtotoWaMwalimu

Wakuu wabeja sana, sikutegemea. Nimesoma kila jibu kwa sauti mbele ya mama.

Nirudishe majibu. Kitereza ni ya 1980 kweli, imeshonwa, uzi unaonekana, kava limelegea tu. FundiJalada ntakutafuta. Kurani ni hizohizo mbili alizosema AbuSalma, na kwenye ya Farsy mzee kaweka vipande vya karatasi ya daftari karibu ishirini, kila kimoja kimeandikwa namba ya aya ya kwenye ile Kurani nyingine. Sijavitoa hata kimoja.

Yule bwana nilimpigia nikamwambia ataje bei ya kimoja kimoja. Akakaa kimya, halafu akasema basi vingine bakini navyo, nipeni Kitereza, Rodney na hicho cha Maguire kwa laki na nusu. Kijana wa Igoma uliona mbali. Nimemwambia hapana. Mdogo wangu wa mwisho ndo alikua anakomaa tuuze, aliposikia hivyo akachukua mwenyewe matofali uani akainua tranka. Tumekubaliana chumba kipangishwe na shelfu lihamie sebuleni, ukuta wa mbele ambao hautoi maji. Vya Nyerere viko viwiliviwili, nakala za ziada na vitabu vya kiada ndo tutauza, hela ya mama.

Shangazi ana friza ya samaki Kirumba, kanipa droo moja. Kesho napeleka kumi na mbili vya kwanza, mifuko miwiliwili.

Halafu nilimuuliza mama huyo kaka aliyeandikwa pale ni nani. Ni baba mkubwa, yuko Sengerema, umri umeenda sana na macho hayaoni vizuri ila masikio mazima. Jumapili navuka daraja la Busisi na hicho kitabu, nimsomee zile kurasa kwa Kiswahili polepole, halafu nimsomee na ile penseli.