Gome la kokio: mafundi wa Hawaii waruhusiwe kulichuna?

Jahazi_Jekundu: Wanajamvi, kokio ni mti wa Hawaii wa ukoo mmoja na pamba, maua yake makubwa, mekundu. Wenyeji walitoa rangi kwenye gome lake wakatia nyavu zao za uvuvi. Ule wa upande wa Kona, magharibi mwa kisiwa kikubwa cha Hawaii, Marekani imeuorodhesha kuwa hatarini tangu 1984, na mwituni imebaki miti michache mno. Sasa anayetaka kufufua ufundi wa babu zake azuiwe asiguse gome? Naona tukimzuia tunaua ufundi pamoja na mti.

Mlinda_Msitu: Azuiwe. Wavuvi ni walewale duniani kote, wakiona gome wanabandua, kesho mti umekauka.

Baharia_Pate: Hapo umenigusa. Baba yangu alikuwa mvuvi. Nyavu za pamba alizitia rangi ya gome la mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, kwenye pipa zisioze, viganja vikabaki vyekundu mpaka Idi. Gome alichuna upande mmoja tu, akaenda mti mwingine. Akilichuna kuzunguka shina lote mti unakufa, na yeye alilijua hilo kabla yako. Futa kauli.

Mlinda_Msitu: Sifuti. Mikoko yenyewe iko wapi leo?

Somo_Tumbatu: Kaka Baharia, samahani, rangi ya nyavu ni ya mkoko. Mkandaa twakata fito.

Baharia_Pate: Dada yangu, mkoko ni boriti! Mkandaa ndio wenye rangi. Nimelibeba pipa lile kwa mikono yangu.

Jahazi_Jekundu: Jamani, turudi Hawaii. Nyavu za kule zilikuwa za nyuzi za olona, kichaka cha hukohuko, na swali ni kokio.

Mfugaji_Kajiado: Mbona hamsemi mbuzi? Meli za Wazungu zilishusha mbuzi na ng'ombe Hawaii mwishoni mwa miaka ya 1700, wakala miche yote. Halafu nyasi za mapambo zenye asili ya Afrika zikasambaa Kona, zinawaka kama petroli. Ndugu yake kokio wa kisiwa cha Molokai, mti wa mwisho uliungua 1978. Tawi lililookolewa likaungwa kwenye shina la kokio mwingine, na mpaka leo aina hiyo inaishi kwa kuungwa. Fundi wa rangi ana kosa gani hapo?

Mlinda_Msitu: Mfugaji leo unamshitaki mbuzi?

Mfugaji_Kajiado: Namshitaki aliyemwacha bila mchungaji. Mbuzi wangu mimi wana mchungaji, usinichanganye na hao.

Jahazi_Jekundu: Basi wapande kokio shambani, gome litoke huko, wa mwituni aachwe. Hilo nani analipinga?

Somo_Tumbatu: Nimempigia mjomba, amevua miaka arubaini. Anasema mkandaa. Kaka Baharia, niwie radhi.

Baharia_Pate: Yamekwisha, dada. Lakini yule aliyesema wavuvi ni walewale, bado namsubiri.